Paa Lililoanguka Mbele ya Watu

Kila Jumamosi asubuhi Saimi alikunywa uji wake wa shayiri, akavaa suruali mbili na kofia ya sufi, kisha akatembea kwenye theluji hadi shule ya zamani ya pale Kajaani, mji wa kaskazini nchini Ufini, ambako klabu ya kompyuta ilikutana katika chumba cha chini. Mlangoni alivua viatu kama wenzake na kuingia na soksi. Ndani kulinukia kahawa ya Mwalimu Raili na maandazi ya iliki.

Saimi alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na alikuwa akitengeneza gemu. Si gemu ya simu, la! Ilikuwa gemu mpya ya mashine kuukuu, ile ya kijivu inayochomekwa kaseti juu, ambayo viwanda viliacha kuitengeneza kabla mama yake hajamaliza shule. Kumbukumbu ya mashine hiyo ni ndogo mno, hata picha moja ya simu haienei ndani yake. Kuandika gemu ikaenea humo ni kazi ya kichwa hasa, na kichwa Saimi alikuwa nacho. Tatizo lake lilikuwa mdomo.

Gemu yao iliitwa "Paa la Bibi." Bibi kizee amepanda paani na koleo la kuzolea theluji, theluji inamwagika, naye lazima aisukume chini kabla paa halijaelemewa na kuporomoka. Saimi aliandika programu. Picha na muziki vilikuwa kazi ya Jalmari, mvulana aliyemtangulia darasa moja. Mwalimu ndiye aliyewapanga pamoja, na tangu siku hiyo walikuwa paka na panya.

"Bibi yako ana miguu ya kuku," Saimi alimwambia. "Chora upya."

"Hivyo ni viatu vya manyoya, kipofu wewe! Na theluji yako inaanguka kama mawe. Umewahi kuiona theluji, au unahadithiwa tu?"

"Bora mawe kuliko muziki wako. Unanitia kichefuchefu."

Basi ndivyo walivyofanya kazi majira yote ya baridi, kwa kunyukana maneno.

Klabu ilikuwa na sheria moja iliyoheshimiwa kuliko zote. Wanafunzi waliandika gemu zao kwenye laptop, wakazijaribu humo humo kwa programu inayoiga ile mashine kuukuu. Lakini gemu haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka ichezwe kwenye mashine yenyewe, iliyowashwa ikiwa baridi, yaani baada ya kuzimwa kwa muda, mmoja akicheza na mwenzake akitazama. Wao waliita hivyo "kujaribu kwenye chuma."

Saimi aliichukia sheria hiyo. Wakati wa vuli walipojaribu kwenye chuma kwa mara ya kwanza, skrini ilibaki nyeusi tii. Jalmari alicheka mpaka akaanguka kutoka kitini, akambatiza jina la Malkia wa Giza. Saimi alilirekebisha kosa lile kabla ya chakula cha jioni, lakini kicheko kile hakikumtoka moyoni.

Ikafika Jumamosi ya mwisho kabla ya safari ya mji wa Oulu. Huko kila mwaka watengenezaji wa gemu za mashine kuukuu hukutana katika ukumbi wa michezo na kuonyeshana kazi zao.

"Haya, twende kwenye chuma," Jalmari alisema.

"Siendi popote na wewe. Kwenye laptop inakwenda vizuri."

"Laptop si chuma, Malkia wa Giza."

"Usiniite hivyo!"

"Basi shauri yako!" Jalmari alifoka, klabu nzima ikageuka kuwatazama. "Na paa hilo likuangukie kichwani mbele ya watu! Nitashangilia!" Akavaa viatu vyake, akatoka.

Baadaye Mwalimu Raili, aliyekuwa akipakia masanduku ya safari, alimuuliza Saimi, "Paa la Bibi mmeijaribu kwenye chuma?"

Saimi aliinamia laptop yake. "Nimeijaribu mwenyewe, Mwalimu, baada ya Jalmari kuondoka. Inakwenda bila wasiwasi."

"Sheria inasema watu wawili."

"Yeye ndiye aliyekimbia."

Mwalimu alikunja uso, lakini kazi zilimzidi. Aliichukua kaseti na jioni akampelekea Jalmari ili abandike juu yake picha ya bibi aliyoichora. Kaseti ikalala kwa Jalmari hadi siku ya safari.

Ukumbi wa Oulu ulijaa. Mbele, juu ya meza, ilikaa ile mashine ya kijivu pamoja na televisheni nene ya zamani. Saimi alichomeka kaseti, akawasha. Jina la gemu likatokea, muziki wa Jalmari ukaanza, watu wakatabasamu. Saimi akabonyeza kitufe cha kuanza.

Paa likaporomoka. Bibi hajanyanyua hata koleo!

Saimi alizima na kuwasha tena. Paa likaporomoka tena.

"Hilo ni Paa la Bibi au Kaburi la Bibi?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Saimi alihisi uso ukiwaka moto. Akageuka, akamwona Jalmari amesimama ukutani, na hasira zote zikapata pa kwenda.

"Ni yeye!" alisema akimnyooshea kidole. "Kaseti ilikuwa kwake! Ameiharibu makusudi!"

"Mimi?" Jalmari aliduwaa. "Sikuigusa, nilibandika picha tu!"

"Alisema mwenyewe paa liniangukie. Klabu nzima ilisikia!"

Mwalimu Raili aliwavuta wote wawili hadi nyuma ya ukumbi, karibu na makoti. "Saimi, uliijaribu kwenye chuma?"

"Niliijaribu."

"Na ilikwenda vizuri?"

"Vizuri kabisa."

Mwalimu akamgeukia Jalmari. Macho yake yalikuwa makali. "Klabuni tunavumilia matusi yenu, ingawa yananichosha. Kuharibu kazi ya mwenzako hatuvumilii. Kama ni wewe, Jumamosi usije, wala ile inayofuata. Nenda ukakae kwenye basi."

Jalmari hakuwa na mahali pengine pa kuchorea wala kupigia muziki. Kwao hawakuwa na kompyuta. Saimi alilijua hilo. Jalmari akachukua koti lake. Alipompita Saimi alisema polepole, "Unajua sikuigusa." Kisha mlango ukafungwa nyuma yake.

Pembeni ya ukumbi palikuwa na meza ya matengenezo. Ambaye gemu yake ilimwangusha alipewa nafasi ya kuirekebisha na kuitwa tena mwishoni. Saimi aliketi pale peke yake, akaichomeka kaseti kwenye kisomeo cha laptop, tayari kuona uharibifu wa Jalmari na kuwaonyesha watu wote.

Hakukuwa na uharibifu. Kila kilichokuwemo ndani ya kaseti kilikuwa kile kile alichokiandika yeye. Akaiendesha kwenye laptop. Paa likasimama imara, bibi akapiga koleo kwa raha zake.

Saimi akaufungua mwanzo wa programu yake na kuusoma taratibu. Akaliona kosa. Alikuwa ameiambia mashine bibi asimame wapi na theluji ianguke kwa kasi gani. Hakuwahi kuiambia kwamba mwanzoni paa ni tupu. Ile programu ya kuiga hufuta kumbukumbu yote kabla ya kuanza, kwa hiyo kwenye laptop paa lilikuwa tupu siku zote. Mashine halisi haifuti chochote. Huamka na takataka za namba zozote zile, na namba hiyo ya takataka ndiyo iliyohesabiwa kuwa theluji. Bibi alikuwa akianza kazi na mlima mzima juu ya paa. Kujaribu mara moja tu kwenye chuma kungemwonyesha.

Alilisahihisha kosa kwa mstari mmoja: theluji ianze na sifuri. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Angeweza kusema kwamba ameufuta uharibifu wa Jalmari, na watu wangempigia makofi. Alikaa na wazo hilo kidogo, likamtia kinyaa. Akainuka, akaenda kwa Mwalimu.

"Jalmari hakufanya kitu," alisema. "Kosa ni langu. Na sikuijaribu kwenye chuma. Nilikudanganya pale klabuni, na leo nimekudanganya tena."

Mwalimu Raili alichukua koti lake. "Vaa koti," alisema. "Nami nilimhukumu upesi mno. Tunakwenda sote wawili."

Jalmari alikuwa ameketi kiti cha nyuma kabisa basini, uso dirishani. Mwalimu alimwomba radhi kwanza. Kisha Saimi akasema yote, bila kuficha.

"Umemaliza?" Jalmari aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Siwezi kukusamehe leo. Usinilazimishe."

"Sikulazimishi. Lakini gemu inataka kujaribiwa kwenye chuma, na sheria inasema watu wawili."

Jalmari alijifuta uso. Halafu akanyanyuka. "Kidhibiti nashika mimi. Wewe kucheza hujui."

Walipoitwa tena, Saimi alichukua kipaza sauti kabla ya kuwasha mashine. "Mara ya kwanza nilimsingizia mwenzangu," aliuambia ukumbi. "Kosa lilikuwa langu. Sikujaribu." Safari hii hakuna aliyecheka. Jalmari akawasha, akabonyeza. Paa likawa tupu, theluji ikaanza kushuka, bibi na viatu vyake vya manyoya akaisukuma chini, na watu wakashangilia mpaka muziki haukusikika.

Wakati wa kurudi, Mwalimu Raili aliketi karibu na Saimi ndani ya basi.

"Mimi nimeandika gemu nyingi, na zote zilianza na makosa," alisema. "Kosa lako lilikuwa la mstari mmoja. Ukalifunika kwa uongo, kisha uongo ukaufunika kwa kumtupia lawama mtu asiye na hatia. Kazi isiyojaribiwa usiseme umeijaribu, Saimi, maana siku itakapoanguka, itamwangukia hata mwenzako. Mstari umeurekebisha kwa dakika chache. Jalmari hatarekebishika upesi hivyo. Itakubidi uwe mkweli kwake siku nyingi."

"Nitakuwa, Mwalimu."

Basi liliposimama Kajaani, Jalmari aliwapita na begi lake begani. Hakutabasamu. Alifika mlangoni, akageuka.

"Jumamosi, kwenye chuma," alisema. "Na miguu ya bibi siibadilishi."

"Usiibadilishe," Saimi alijibu. "Ni mizuri. Nilikuwa najua tangu mwanzo."