Barua Sita za Fundi Viatu

"Barua sita! Umezitia wapi barua sita, shemeji?"

"Kwenye sanduku la ofisi ya halmashauri, pale getini. Kwani limewekwa pale kama pambo?"

"Lile la maoni? La bati, lenye kufuli la kutu?"

"Hilohilo."

Mama Pacha alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ukuta huo ndio uliotenganisha ua wake na ua wa Fundi Viatu.

"Ufunguo wa lile sanduku ulipotea mimi nikiwa bado kazini pale! Barua zako wanazisoma mijusi!"

"Usinicheke, Mama Pacha. Kama huna la maana, nyamaza."

"Ninalo! Wewe ndiye unajifungia humo kama kobe. Ungeniuliza mapema."

"Nikuulize wewe? Kazi yako umbea tu."

"Umbea wangu una faida kuliko ukimya wako!"

Fundi akaingia ndani, akabamiza mlango.

Ndani hakukuwa na mtu wa kumuuliza kimemuudhi nini. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita, na watoto hawakujaliwa. Tangu hapo fundi aliongea zaidi na viatu kuliko watu. "Wewe umeliwa kisigino," alikiambia kiatu. "Wewe umechoka soli." Upande wa pili wa ukuta, nyumba ya Mama Pacha ilijaa watoto, wajukuu na wageni. Vicheko vyao vilimfikia kama redio ya jirani. Unaisikia, lakini si yako.

Alikuwa na mahali pamoja pa kwenda. Kila mwisho wa wiki alikwenda makaburini. Alikaa kando ya kaburi la mkewe, akamsimulia habari za wiki nzima.

Miezi mitatu iliyopita alikuta upande ule umezungushiwa mabati. Trekta lilikuwa limeshapita.

"Makaburi ya huku yamehamishwa, mzee," mlinzi alimwambia. "Barabara inapita hapa."

"Yamehamishiwa wapi?"

"Hayo ni ya wakubwa. Tangazo lilibandikwa."

Fundi hakuliona tangazo. Watu wengine waliambizana, lakini yeye hakuwa na wa kumwambia. Akaenda ofisini. Mlinzi wa getini akamwambia, "Njoo kesho." Kesho ikazaa kesho. Mwisho akamwonyesha lile sanduku. Fundi akatia barua, akangoja. Akatia nyingine. Wiki zikapita. Kila jioni alijiuliza swali moja: mke wangu yuko wapi?

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Pacha, na safari hii hakucheka.

"Shemeji, nisamehe. Marehemu alikuwa kama dada kwangu, si jirani tu. Hebu nione unavyoandika."

Fundi akampa barua ya saba, ambayo alikuwa hajaipeleka. Mama Pacha akaisoma kwa sauti. "Kwa Serikali. Mmenionea. Hamna huruma. Mungu anawaona." Akaigeuza nyuma. "Jina lako liko wapi? Unakoishi je? Namba ya simu?"

"Sikuweka. Nani wa kuniandikia mimi?"

Mama Pacha akavuta kigoda, akaketi.

"Sikiliza, shemeji. Nilikuwa tarishi pale ofisini miaka ishirini na miwili. Nilibeba barua kutoka meza hadi meza. Serikali haina meza moja, ina meza mia. Ukiandika 'Kwa Serikali', tarishi ataipeleka wapi? Halafu humu umegomba, hukuuliza. Unataka nini hasa?"

"Namtaka mke wangu."

"Najua. Lakini karani hawezi kukupa mke. Anaweza kukupa karatasi. Karatasi gani ina jibu?"

Fundi akafikiri. "Walipoyahamisha, lazima waliandika mahali."

"Umeona? Omba hiyo."

Wakaandika pamoja. Barua ilikuwa fupi. Iliandikwa kwa ofisa habari, mwenye kazi ya kuwapa wananchi taarifa. Iliomba orodha ya makaburi yaliyohamishwa na mahali yalipopelekwa. Ilitaja jina la marehemu na mwaka aliozikwa. Chini kulikuwa na jina la fundi, mtaa wake na simu yake. Wakaandika nakala ya pili.

"Usiitie sandukuni," Mama Pacha alisema. "Ipeleke masjala, chumba wanachopokelea barua zote. Wagonge muhuri zote mbili na waandike namba. Nakala moja ibaki kwako. Barua isiyo na namba ni uvumi, na hata mimi mbea siuamini."

"Wakinikatalia?"

"Waandike sababu. Ukiwa na sababu mkononi, unakata rufaa kwa mkubwa wao. Na siku za kujibu zimebandikwa ukutani pale masjala. Zihesabu."

Kesho yake mlinzi alimwonyesha tena sanduku.

"Leo nakwenda masjala," fundi alisema. Mlinzi akamtazama, kisha akafungua geti.

Karani wa masjala aligonga muhuri. Pap! Pap! Akaandika namba. Fundi akasoma siku zilizobandikwa ukutani, akazitia kichwani.

Siku zikaisha, na jibu halikuja. Fundi akapiga moyo konde, akarudi na nakala yake. Karani akafungua daftari, akapitisha kidole.

"Namba yako hii hapa. Ofisa habari aliipokea. Akaipeleka idara ya afya, maana wao ndio wenye daftari la makaburi. Imekwama huko. Mwenye meza yuko likizo." Akanyanyua simu. "Bila namba, mzee, ningekuambia njoo kesho."

Ofisa habari mwenyewe akatoka, akaomba radhi. Siku ya pili simu ya fundi ikalia.

Aliitwa masjala, akapewa karatasi moja yenye orodha ndefu. Jina la mkewe lilikuwa mstari wa tisa. Alilisoma kwa sauti mbele ya karani. Miaka minne ilikuwa imepita bila jina hilo kutamkwa mbele ya mtu mwingine.

Siku hiyohiyo alivuka reli akafika makaburi mapya yaliyotajwa kwenye orodha. Akahesabu safu mpaka akaiona kwenye kibao cha saruji namba ya kaburi iliyoandikwa kando ya jina la mkewe. Hakukuwa na mtu mwingine. Alikaa chini, akaweka kiganja kwenye udongo. Alikuwa na habari za miezi mitatu na zaidi za kusimulia. Alianza na ile ya mijusi.

Wiki mbili baadaye, saa sita mchana, mwanamke alisimama mlangoni kwake. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa mkaa anaouza. Alishika karatasi tupu na kalamu.

"Wewe ndiye fundi wa barua?"

"Mimi ni fundi viatu, mama."

"Mama Pacha kasema ni wewe. Mtaa mzima wanasema ni wewe." Sauti yake ikapungua. "Mwanangu alikuwa amezikwa upande uleule. Nimeuliza mpaka nimechoka. Kule getini wananiambia niandike nitie sandukuni."

Fundi akaweka nyundo chini.

"Umetoka mbali?"

"Natembea tangu asubuhi."

"Umekula?"

Mwanamke akatikisa kichwa. Fundi akasimama, akausukuma mlango mpaka mwisho.

"Ingia, mama. Chakula kiko tayari. Tule kwanza, halafu unitajie jina la mwanao tulitafute kwenye orodha."