Nafasi Tupu Dawatini

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Pacha alipangusa dawati zima kwa kitambaa, kisha akaketi ukingoni, upande wake uleule wa dirishani. Upande wa pili ulikuwa wa dada yake, aliyezaliwa naye siku moja, ambaye alifariki kwa homa wakati wa likizo. Hakuna mwanafunzi wa darasa la tano aliyethubutu kuketi pale. Hata wale watundu waliozoea kurukia meza ya mwalimu akitoka tu, walipapita wamejikunyata.

Mwanzoni wenzake walidhani ni majonzi yatakayopita. Lakini siku hizi Pacha alikuwa akiinong'onea ile nafasi tupu, akinyamaza kidogo, kisha akitikisa kichwa kana kwamba amejibiwa. Kengele ya kwenda nyumbani ikilia, haondoki. Mlinzi wa shule ndiye aliyemtoa, na Pacha akawa anageukageuka nyuma njia nzima.

Aliyejua sababu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amefunga mdomo, jambo la ajabu kwake. Walimwita Chiriku kwa sababu hakuishiwa maneno. Muhula ulipoanza alimkuta Pacha analia nyuma ya darasa, akamwonea huruma, akamwambia bila kusita kwamba dada yake hajaondoka. Yuko palepale dawatini, anasikia kila kitu. Nyumbani kwa Chiriku ndivyo walivyoamini kuhusu wafu wao, na imani hiyo iliwafariji sana. Hakujua kwamba maneno yaleyale yangemnyima mwenzake usingizi.

Siku moja jioni mvua ilinyesha kwa ngurumo. Mama yake Pacha, fundi cherehani, aliingia darasani amelowa chapachapa, futi yake ya kupimia bado iko shingoni. Mwalimu wa dini alikuwa akikusanya vitabu, na Chiriku akimsaidia. Mama alimbembeleza mwanawe waende. Pacha aling'ang'ania dawati.

"Mama, tukiondoka watamfungia humu peke yake," alisema. "Anaogopa radi."

Mama aliketi kitako sakafuni. Chiriku alihisi roho inamsuta. Aliogopa kuchukiwa, lakini aliogopa zaidi kumwacha mwenzake hivyo. Akapiga moyo konde.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemwambia yuko hapa. Nilisema kama mtu aliyemwona. Sijamwona, Pacha. Ni tunavyoamini kwetu."

Pacha alimtazama. Kisha akamgeukia mama yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Na kwetu je?"

Tangu mazishi, mama hakuwa amepata nguvu ya kulizungumzia jambo hilo.

"Sisi tunaamini amepumzika kwa Mungu, mwanangu. Hayumo gizani, wala hakuna mtu anayeweza kumfungia mlango. Nilipaswa kukwambia mapema. Nilishindwa hata kulitaja jina lake."

Wakakumbatiana, wakalia. Walipotulia, Pacha alimwuliza mwalimu nani aliye sahihi, mama au Chiriku.

Mwalimu alivuta kiti akaketi karibu nao. "Darasa hili lina watoto wa nyumba nyingi, na kila nyumba ina jibu lake. Nyingine husema hazijui. Mimi pia nina imani yangu, lakini kazi yangu hapa ni kuwafundisha kusikilizana. Chiriku, hukukosea kuamini, wala kumhurumia mwenzio. Ulikosea kumpa jibu kama kitu ulichokishuhudia, kabla hujamwuliza kwao wanaamini nini. Mtu aliyefiwa tunamsikiliza kwanza. Na wewe Pacha, swali zito kama hili usilibebe peke yako. Mpelekee mama."

Chiriku aliomba radhi, na Pacha akampa mkono. Kisha mama na mwanawe wakaondoka wakiwa wameshikana, na safari hii Pacha hakugeuka nyuma. Mwalimu akapeleka vitabu ofisini.

Chiriku alibaki kufunga madirisha. Kwa imani ya kwao, hakuwa peke yake chumbani. Alilitazama lile dawati, nywele zikamsisimka, lakini hakukimbia.

"Ameenda nyumbani na mama," alisema polepole. "Usiwe na wasiwasi."