Kimya Alichorudi Nacho

Foleni kwenye kibanda cha fundi simu ilikuwa ndefu. Binti mwenye koti la kijivu alipofika mbele, aliweka mezani simu iliyopasuka kioo bila kuinua macho. Fundi aliitambua simu kwanza. Ndiye aliyemnunulia binti huyo, miaka miwili nyuma, binti alipokwenda kusoma chuo ng'ambo.

"Karibu, msomi. Umerudi lini?"

Binti alishtuka. "Juzi. Na wewe umehamia huku lini? Kibanda chako cha zamani nimekikuta kimefungwa."

"Ulikitafuta? Wewe?" Fundi aliweka bisibisi mezani. "Mwezi uliopita nilikuuliza kwenye simu kama utakubali nikuoe. Ukatulia kama maji mtungini. Nikakata."

"Ulikata kabla sijajibu!"

"Kimya nacho ni jibu. Leo saa saba mjomba anataka neno langu. Kuna binti wa jirani, na mama amechoka kungoja."

Mzee aliyekuwa nyuma kwenye foleni akaguna. "Jamani, hapa panatengenezwa simu au ndoa?"

"Tuvumilie, baba," binti alisema. Akamgeukia fundi. "Kule, mwaka wa kwanza wote waliniona sina adabu. Nilikuwa nadakia. Kwao ukiulizwa jambo zito unanyamaza kwanza. Ukijibu haraka umelidharau. Nilijifunza kwa kuaibika mbele ya darasa. Basi ulipouliza, nikalipa swali lako heshima ya kule, mpenzi. Nikasahau kwamba naongea na wewe."

"Ungepiga."

"Nilipiga mara tisa. Ulinifungia namba."

Kweli alimfungia. Fundi alitazama saa ya ukutani: saba kasoro dakika nne. Simu yake ikaanza kuita. Mjomba. Aliilaza kifudifudi, akavuta pumzi kama mtu anayejiandaa kungoja mpaka jioni.

"Nauliza tena. Safari hii nyamaza utakavyo, sikati. Utakubali niku..."

"Ndiyo."

"Mbona hujanyamaza?"

"Kule nanyamaza, kwako najibu. Halafu nimenyamaza mwezi mzima, fundi. Hautoshi?"

Mzee wa nyuma akapiga makofi peke yake. Simu iliita tena. Fundi akaipokea, macho yake yakiwa kwa binti.

"Shikamoo, mjomba. Mwambie mama aache kutafuta. Mkwe wake yuko hapa, kavunja simu."