Kishale cha Kurudi Nyuma

Kabati la maabara lilikuwa limefungwa kwa ufunguo, kufuli halina hata mkwaruzo, na ndani hamna kitu. Hadubini ya zamani ya kliniki ile ya Milimani ilikuwa imetoweka.

Inspekta Kageha aliinama kuchungulia. Jumatatu hiyo ya mwaka 1999 alikuwa ametoka Ahero kwenye mafuriko, buti bado zina tope, akakuta wenzake wameshamaliza kesi. Rahab, mfagizi wa kliniki, alikuwa mahabusu tangu Jumamosi, na saa nane mchana angesomewa mashtaka. Funguo za kabati zilikuwa mbili tu: moja ya Rahab, nyingine ya Joram Oketch, fundi wa maabara, ambaye Ijumaa, siku hadubini ilipotoweka, alikuwa na ruhusa ya kutofika kazini. Basi wakamkamata mfagizi. Nani angehangaika zaidi ya hapo?

Asubuhi Rahab alimwambia jambo moja tu kupitia nondo za seli. "Madam, nimefagia hapo miaka kumi na moja. Sina mali, niko na jina tu. Msininyang'anye hilo."

Nyuma ya kabati Kageha aliokota kipande cha karatasi, sehemu ya chini ya ukurasa uliochanwa. Kilikuwa na mstari mrefu wa herufi zisizo na nafasi, ulioanza na http, kisha tarehe ya Alhamisi. Hakuelewa kitu, wala hakuona haya. Alikipeleka mjini kwa Hiram Kangethe, mwenye duka la kupiga chapa, ambaye mwaka huo alikuwa ameunganisha intaneti kwenye kompyuta moja na kutamba nayo mtaa mzima.

"Hiyo ni anwani ya tovuti," Kangethe alisema. "Kivinjari, hii programu ya kufungulia kurasa za intaneti, huichapa chenyewe hapo chini. Mtu anaondoka na karatasi na hata hajui."

"Fungua tuone."

"Laini ya simu imekufa tangu jana, madam. Bila simu hakuna intaneti."

Kageha alitazama saa. Ilikuwa saa sita na nusu.

"Lakini ngoja," Kangethe akasema. "Kivinjari kinaweka orodha ya kila mahali ulipopita. Na nakala za kurasa zenyewe zinabaki humu ndani ya mashine."

Alifungua orodha hiyo, akachagua Alhamisi. Zikatokea kurasa tisa, zote za hadubini. Alipobonyeza moja ikafunguka hata bila laini ya simu: jinsi ya kutumia hadubini kwa kioo na mwanga wa jua mahali pasipo umeme.

"Nani alisoma hii?"

"Kijana mmoja mpole. Jina sikuuliza. Alifungua na barua pepe, na kivinjari hukumbuka majina yanayojazwa humo."

Kageha alikumbuka mwenye ufunguo wa pili.

"Nenda hapo kwenye barua pepe. Mahali pa jina, andika j."

Kangethe aliandika. Kivinjari kikamalizia chenyewe: joketch.

Kageha alimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Mungu akubariki, Bwana Kangethe. Hujui umemwokoa nani."

Joram alihojiwa kulekule maabara.

"Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Hukupita kwa Kangethe?"

"Hapana."

Kageha akaweka kile kipande mezani. "Kurasa tisa, Joram. Nimezisoma."

Kijana akakitazama. "Haiwezekani. Nilibonyeza kile kishale cha kurudi nyuma mpaka nikafika ukurasa wa kwanza. Nilirudisha zote!"

"Kile kinakurudisha wewe. Hakifuti ulikopita. Hadubini iko wapi?"

"Asembo Bay." Akaketi. "Kwa Mama Apiyo, nesi wa zahanati. Wazazi wangu walipokufa, yeye ndiye alinisomesha. Hadubini yao ilivunjika Machi, na malaria inatibiwa kwa kubahatisha. Hii imekaa kabatini miaka miwili bure. Nilitaka kumwambia asante, madam. Hiyo tu."

"Ukamwambia asante kwa jina la Rahab?"

Joram alilia kwa sauti. "Nilijua yuko ndani. Jana nilifika mpaka lango la stesheni ya polisi, nikaogopa. Asante umenikuta kabla ya saa nane." Kisha akanyoosha mikono ifungwe pingu.

Kageha alimhurumia, lakini alimfunga.

Saa nane kasorobo Rahab alitolewa seli, akarudishiwa kitambaa chake cha kichwa. Machozi yalimtoka akitabasamu.

"Asante, mwanangu. Asante sana. Sasa naomba kitu kimoja. Walinichukua nyumbani kwangu Nyalenda mchana, watu wote wakiona. Nirudishe mchana."

Kageha alimkalisha mbele kwenye Landrova ya polisi. Walipofika, majirani walikuwa tayari wamejaa njiani. Inspekta alishuka kwanza, akamfungulia mlango, akasimama wima akampigia saluti.

"Mama huyu hana kosa," alisema kwa sauti ya kufika mpaka uani. "Sisi ndio tulikosa. Tunamshukuru kwa kutuvumilia."

Kisha jirani mmoja akapiga kigelegele, na Rahab akaingia kwake kwa mlango wa mbele.