Sauti Iliyotangulia Kutoka Nje

Mtoto alilia katikati ya somo la Baiolojia, na darasani hakukuwa na mtoto.

Herieth alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo wa ulezi mapajani, Isdori wake wa wiki tatu amelala kitandani, na redio kaseti iko dirishani inamfundisha. Mwalimu Eustace alikuwa anasema kazi ya figo ni kuchuja, chaki inakwaruza ubaoni, mtu anapiga chafya, halafu kule nyuma, mbali, kama kuna aliyemsahau mtoto mwisho wa darasa: nga, nga, nga. Herieth akageuka haraka. Isdori amelala. Mdomo ameufumba.

Akarudisha mkanda nyuma. Figo. Chafya. Nga, nga.

Alijicheka. Mzazi husikia mtoto analia hata kwenye sufuria inayochemka.

Usiku Rhoda alipopita kuchukua kaseti tupu ya kesho, akamuuliza. Rhoda alikuwa jirani yake hapo Kasense, na walikaa dawati moja mpaka Herieth alipofika kidato cha tatu na tumbo likaonekana, wakamfukuza. Sasa Rhoda ndiye aliyebeba redio kwenda shule kila asubuhi, akaiweka dawati la mbele, akabonyeza kitufe chekundu, na jioni akamletea masomo nyumbani. Herieth alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani mwezi wa kumi na moja kama mtahiniwa wa kujitegemea.

"Mtoto? Darasani?" Rhoda akacheka. "Labda mwalimu Eustace kajifungua, shosti, alivyonenepa vile!"

"Sitanii, Rhoda."

"Basi ni mwangwi. Si unalijua lile ghala?"

Alilijua. Shule yenyewe ilikuwa mpya, ya wazazi, na madarasa yake yalikuwa ndani ya ghala la zamani la ushirika. Tangu wafanyabiashara waruhusiwe kununua mahindi wenyewe, ushirika ulikufa, magunia yakaondoka, likabaki jumba refu la bati ambalo ukikohoa mlangoni unakoholewa mwisho wake.

Herieth aliipenda ile redio, wacha watu waseme. Mumewe Enock, aliyekuwa anafuata samaki wa migebuka ziwani Kabwe kwa lori na kukaa huko wiki mbili mbili, ndiye aliyemletea. Kidato cha pili aliwahi kuandika insha juu ya faida za teknolojia shuleni akapata kumi na saba kwa ishirini, lakini wakati ule aliandika maneno ya kukariri tu, hajui. Sasa alijua. Yeye walimfukuza getini kwa sababu ya tumbo, na redio haina tumbo la kuonekana. Redio inaingia darasani, inakaa mbele, inasikiliza, inarudi. Kitu kimoja tu kilimchoma. Kila asubuhi mkanda ulianza na mwalimu akiita majina, Abel, Coleta, Gabriel, kila mmoja "nipo mwalimu", na pale jina lake lilipokuwa, mwalimu anaruka. Herieth alikuwa anasubiri pale kila siku, kama mjinga.

Kaseti ya siku ya pili mtoto alilia karibu zaidi. Ya siku ya nne alikuwa katikati ya darasa. Na Herieth akaijua ile sauti, maana mwishoni ilikuwa inakatika na kupanda kidogo, kama kwikwi, na hakuna mtoto mwingine duniani aliyekuwa analia hivyo.

Wiki hiyohiyo Isdori akaanza kupungukiwa sauti.

Mwanzo akawa kama amekauka koo. Halafu ikawa kama mlio wa kuku mgonjwa. Jumapili mtoto akafungua mdomo, uso ukaiva, machozi yakatiririka, mikono ikatetemeka, na hakuna kilichotoka. Zahanati muuguzi akammulika kooni kwa tochi, akasema koo zuri, mama, mnyonyeshe. Mnyonyeshe! Alikuwa ananyonya vizuri tu. Alikuwa analia vizuri tu. Ila mlio wake ulikuwa kwenye kaseti, dawati la mbele, na sasa hata Rhoda aliusikia waliposikiliza pamoja, akaweka mkono mdomoni na kunong'ona, "Mimi nilikuwepo hapo. Hakulia mtu. Naapa, Herieth, hakulia mtu."

Bibi wa mtoto, Bertilla, mama yake Enock, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Mwanangu, huyu mtoto alitoka nje kabla kitovu hakijadondoka?"

"Hapana, mama. Wewe mwenyewe ulinizuia. Hata nepi zake tulianika ndani."

"Hakuna chake chochote kilichotoka?"

Herieth alitaka kusema hapana, na hapohapo akakumbuka. Siku ya nne baada ya kujifungua. Enock kaleta redio, yeye anajaribu kitufe chekundu kama kinafanya kazi, Isdori akalia, akamrekodi kwa kicheko tu, ili baba yake akamsikilize. Kesho yake Rhoda akaja, kaseti ileile ikaingia kwenye mkoba, ikaenda shule. Kitovu kilidondoka siku ya nane.

"Sauti," akasema. "Mama, ilitoka sauti."

Bertilla hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alijifunga kitenge cha pili akaenda kumwita Mzee Leonsi.

Mzee Leonsi aliwahi kuwa mlinzi wa lile ghala miaka kumi na tano, siku hizi alitibu watu kwa mizizi. Aliamkiwa shikamoo akaitikia bila kumwangalia mtu, aliiangalia redio.

"Lile la mle ghalani halina sauti yake," alisema, chini chini. "Wakati wa magunia lilikuwa limelala. Walipoyatoa, likaamka, likaanza kutafuta. Watu wazima haliwawezi, sauti zao zina wenyewe. Ya mtoto ambaye hajatolewa nje haina mwenyewe. Limeiokota."

"Itarudi?" Herieth akauliza.

"Tutaiita. Ila wewe sikia. Likikuita, usiitikie. Hata likikutaja kwa jina la ubatizo, usiitikie, maana anayeitikia anakuwa ameitoa sauti yake mwenyewe."

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, upepo baridi wa Ufipa unapiga mikaratusi. Alichoma mizizi kwenye kigae, nyumba ikajaa moshi mchungu, akamlaza Isdori kizingitini, akawasha kaseti. Chini ya moshi Herieth alisikia harufu nyingine, ya vumbi la mahindi yaliyobunguliwa, na nyumba yao haikuwa na gunia hata moja. Mtoto wa kwenye mkanda akalia, akalia, na alipofika kwenye kwikwi, mzee akang'oa betri zote kwa mkupuo mmoja.

Kimya.

Halafu Isdori akalia. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Bertilla akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja, Herieth akamnyakua mtoto kizingitini, na Mzee Leonsi akaichoma ile kaseti, akapewa jogoo, akaondoka.

Kesho yake saa mbili asubuhi, Bertilla akiwa jiko la nje anasonga ugali, Isdori akaamka akalia, na Herieth akamchukua anacheka, kwa kuwa sasa kilio kilikuwa raha, akamweka begani, sikio lake karibu na ule mdomo mdogo, na ndipo akasikia kwamba nyuma ya kilio, ndani kabisa ya koo la mtoto, chaki inakwaruza ubao.

Akamtoa begani. Akamtazama. Isdori akapanua mdomo zaidi, ikatoka harufu ya vumbi la mahindi, na mwalimu Eustace akaanza kuita majina, taratibu, kwa mbali, kama mtu aliye mwisho wa jumba refu, Abel, nipo mwalimu, Coleta, nipo mwalimu, Gabriel, nipo mwalimu, na Herieth akajua wanapoelekea, akajua kabla hawajafika, na safari hii mwalimu hakuruka.

"Herieth Alfonsi."

Kilio kikakatika. Mtoto akaacha kupumua.

"Herieth Alfonsi."

Alimtikisa, alimpuliza usoni, alimgeuza akampiga mgongoni, na kifua hakikupanda, na aliyakumbuka maneno ya mzee, aliyakumbuka yote, usiitikie, usiitikie, lakini midomo ya Isdori ilikuwa inageuka kuwa ya bluu na macho yake yamemkazia mama yake kama darasa zima linavyomgeukia mtu aliyechelewa kujibu, likimsubiri, na hakuna mama aliyefundishwa namna ya kunyamaza hapo.

"Herieth Alfonsi."

"Nipo," akasema. "Nipo, mwalimu."

Ndani ya koo la mtoto kalamu ikakwaruza karatasi. Isdori akavuta pumzi ndefu, akatafuta titi, akaanza kunyonya kama hakuna kilichotokea.

"Herieth!" Bertilla akaita kutoka jikoni. "Mwanangu, mtoto ana nini?"

Herieth akafungua mdomo amwite. Akajaribu tena, kwa nguvu zote, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ilitoka hewa tu.

Dirishani, redio isiyo na betri, kifuniko chake kiko wazi na ndani hamna kaseti, ikaitikia kwa sauti ya Herieth mwenyewe, sauti safi ya mwanafunzi mwenye adabu:

"Abee, mama. Hana neno. Amelala."

"Haya," Bertilla akasema, akaendelea kusonga ugali.