Nondo za Chumba cha Mama

Haya yalimpata mwalimu mwenzangu, Kaberia wa Githongo. Alikuwa akimwongezea mama yake chumba, na mafundi wa zege walitarajiwa saa mbili asubuhi. Alfajiri alipokagua msingi aliona kosa: nondo zilikuwa zimelala juu ya udongo mtupu. Zikimwagiwa zege hivyo zingeliwa na kutu, na siku moja ukuta ungemwangukia mama.

Ukungu ulikuwa mzito, na ndani ya mtaro kulikuwa giza. Alimwita mkewe amsaidie, akashuka na vijiwe vya kutegemezea nondo. Akasikia hatua zikija upande wa pili.

"Inua, Mama Kendi."

Waya zilizofunga nondo zililia, nondo zikainuka. Akasukuma kijiwe chini yake.

"Tena. Kumbe una nguvu hivi na huniambii!"

Waya zikalia tena. Wakaendelea hivyo mpaka vijiwe vikaisha.

"Haya, shusha sasa."

"Nishushe nini?" mkewe akajibu kutoka jikoni, ng'ambo ya ua. "Ningoje, Baba Kendi, hata viatu sijavaa!"

Kaberia alipapasa vijiwe kimoja baada ya kingine. Nondo zilikuwa juu yavyo, hazijagusa hata kimoja, na waya zilikuwa zingali zinalia.