Bomba la Uani kwa Kapteni Tarcisio

Uthman bin Tajudin wa Nateete alikuwa fundi wa mabomba kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo hakuwahi kushindwa na bomba linalovuja. Mtaani walimjua pia kwa kazi nyingine isiyo na ujira: yeye ndiye aliyeosha maiti za wanaume wa msikiti wao. Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mwaka 1974, alikunywa chai, akamuaga mkewe Kulthum, akafunga mfuko wa spana nyuma ya baiskeli na kushika njia ya Kololo, kilimani walikokaa wakubwa.

Alikuwa ameitwa kwa Kapteni Tarcisio Candia. Nyumba ile kubwa ilikuwa ya daktari mmoja wa meno, Mhindi, aliyefukuzwa nchini mwaka 1972 pamoja na Wahindi wenzake, akaondoka na masanduku mawili. Kapteni alipewa nyumba pamoja na vitanda na sahani zake. Uthman alimkuta amesimama uani kwa sare, akilitazama bomba lililochomoza ukutani juu ya sakafu ya saruji ya kufulia nguo. Bomba lilikuwa likidondosha maji. Matone matatu, kimya kidogo, matone matatu.

"Fundi, wewe nasikia hiyo?"

"Nasikia, afande."

"Mimi hapana lala. Dawudi nakuja hapa mara mbili, nasema bomba tayari, na maji natoka. Hiyo ni kuhujumu uchumi. Alhamisi mimi nachukua yeye na gari." Akatazama saa yake ya mkononi. "Narudi saa kumi na mbili. Kama maji natoka bado, wewe pia napanda gari."

Dawudi alikuwa fundi wa Bwaise, na Uthman alimfahamu vizuri. Tangu Alhamisi ile mke wa Dawudi alikuwa akizunguka vituo vya polisi, na kila kituo walimwambia hawamjui mtu wa jina hilo.

Gari lilipoondoka, Rosalba, mke wa kapteni, alimletea fundi kigoda.

"Dawudi alimaliza chai yangu birika nzima," alisema. "Wewe fanya kazi kwanza, mzee. Chai baadaye."

"Chai nimekunywa kwangu, mama. Nionyeshe mita iko wapi."

Alifunga koki kubwa kando ya mita, kisha akafungua mabomba yote ya ndani mpaka yakakauka. Akarudi uani, akafungua kichwa cha bomba, akatoa washa iliyolika, kile kipete cha kuzuia maji. Akakata nyingine kutoka kipande cha ngozi, akakwangua kutu mahali inapokalia, akazungushia nyuzi za katani, akakaza. Akasubiri, huku akijifuta mikono.

Tone. Tone. Tone.

Alikwenda kuitazama tena koki kubwa. Ilikuwa imefungwa. Akapanda darini: tangi lilikuwa tupu, lina vumbi na nyigu waliokufa. Mchana wote akalifungua na kulifunga bomba lile. Mwisho akaling'oa kabisa, akaziba mdomo wa paipu kwa kizibo cha chuma, akakikaza mpaka spana ikalia. Kizibo kilikuwa kipya, hakina ufa. Katikati ya chuma kile maji yakajikusanya, yakafura, yakadondoka. Matatu.

Ilikuwa saa tisa na nusu.

Uthman alikuwa na fimbo ya mvule, ambayo huiegemeza ncha moja kwenye paipu na ncha ya pili kwenye mfupa nyuma ya sikio. Paipu inayovuja ndani ya ukuta hupiga mluzi mwembamba, na kwa mluzi huo aliweza kuonyesha mahali pa kuvunja. Akaegemeza fimbo, akafumba macho.

Mluzi haukuwapo. Yalikuwapo meno. Meno ya mtu, yakigongana kwa baridi, karibu sana.

Akaiondoa fimbo. Akaiegemeza tena. Meno yakanyamaza ghafla, kama ya mtu aliyesikia hodi.

Akamwita Rosalba. "Mama, hapa alikaa nani?"

Rosalba aliutazama mlango wa chumba cha boi, uliokuwa hatua tatu tu kutoka kwenye sakafu ya kufulia. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwezi wa kwanza askari walileta mtu, wakamfungia mle. Mwislamu. Jina sijui. Kila alfajiri aliomba maji. Si ya kunywa. Ya kunawa, aswali. Kapteni akafunga bomba kwa waya."

"Kisha?"

"Kisha hakuomba tena. Walimlaza hapo kwenye saruji, wakingoja gari. Walimchukua vile alivyokuwa."

"Bila kuoshwa?"

"Mzee, usiniulize."

Adhana ya alasiri ilipanda kutoka bondeni. Uthman aliitazama baiskeli yake. Kutoroka kusingefaa kitu: Nateete nzima ilijua anakoishi, na Kulthum alikuwa ndani ya nyumba. Akatandika shuka lake palepale uani, akaswali. Aliposimama, alikuwa ameshaamua. Akaomba bakuli na kitambaa kikuukuu. Akalichukua shuka alilotoka kuswalia, maana maiti haoshwi uchi, akalitandaza juu ya saruji.

Shuka halikufika chini.

Lilikaa juu ya kitu. Kifua. Magoti. Vidole vya miguu.

Rosalba akarudi nyuma mpaka ukutani. Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Uthman akafungua kizibo. Koki kubwa ilikuwa bado imefungwa, na maji yakaja kwa nguvu. Yalikuwa vuguvugu, kama inavyotakiwa. Akafunga kitambaa mkononi, akasema bismillahi, akapitisha mkono chini ya shuka. Akagusa bega. Lilikuwa baridi, na upande mmoja mfupa ulikuwa umevunjika.

Akaosha upande wa kulia. Akaosha wa kushoto. Mara ya kwanza.

Mara ya pili ilibidi amgeuze. Alikuwa mzito. Mishipa ya shingo ya Uthman ilimtoka.

Saa kumi na moja, saa nzima kabla ya ahadi, honi ikalia getini.

Angeweza kuacha. Angeweza kukunja shuka na kusema bomba limemshinda. Lakini maiti hakuwa amemalizika kuoshwa. Akajaza bakuli. Mara ya tatu ni ya maji ya kafuri, na kafuri hakuwa nayo. Ya msikiti ilikwisha tangu Ramadhani. Akamwaga maji matupu. Viatu vya kapteni vikazunguka kona ya nyumba, vikasimama.

"Wewe nafanya nini hapo?"

Mwosha hasemi na watu. Uthman aliingiza mikono yote miwili chini ya shuka, akainua, akageuza. Kapteni aliona shuka likiinuka na kulala ubavu. Mkono wake ulikwenda kwenye bastola, ukabaki hapo.

Bakuli la mwisho likamwagika.

Shuka likashuka. Likalala bapa juu ya saruji, kama shuka lolote. Maji yakakatika papo hapo, na paipu haikuwa na bomba wala kizibo.

Mkono wa kapteni ukaiachia bastola. Kisha kapteni akalipita shuka kwa mbali, akiambaa na ukuta, akatia kidole kwenye mdomo wa paipu. Akakitoa. Kilikuwa kikavu. Akakinusa. Uso wake ukabadilika, akawa kama mtoto anayetaka kuuliza jambo na anaogopa jibu.

"Kwenda nyumbani, mzee," alisema kwa kunong'ona.

Uthman alifika Nateete jua likizama. Hakuwa amesimama popote. Kulthum alimpokea mfuko wa spana mlangoni, na mikono yao ikagusana. Akaushika mkono wa mumewe, akauleta karibu na pua. Harufu ya kafuri ilikuwa kali, mbichi, imejaa mpaka kwenye viwiko.

"Umemwosha nani leo?" akauliza.